Gesi ya Mwambani na Jirani wa Kisima

  Kama uko jikoni endelea na kazi yako huku ukisikiliza, maana mazungumzo ya leo yanaanzia papo hapo jikoni, ingawa yatatupeleka mbali hadi Marekani kabla hayajarudi.

Tumepata barua kutoka kwa mama mmoja msikilizaji wetu. Jina lake tumeliweka kando. Anasema binti yake ni muuguzi katika jimbo la Pennsylvania, ameolewa, na sasa ana mimba ya miezi minne. Binti huyo na mumewe wamepata nyumba ya kupanga huko mashambani. Nyumba ni kubwa, ina bustani, na kodi yake ni nafuu kuliko ya mjini. Lakini ng'ambo ya barabara kuna kisima cha gesi, na maji ya nyumba yenyewe yanatoka katika kisima kilichochimbwa uani. Jirani mmoja amewaambia ya kwamba gesi hiyo imemsomeshea watoto. Mwingine amewaambia imemharibia maji. Mama anamalizia hivi: mwanangu ananiomba ushauri, nami hata sijui gesi hiyo inachimbwaje. Nimwambie nini?

Mama, tutakujibu. Lakini hebu tuelewe kwanza jambo lenyewe, maana hata hapa kwetu wengi wamelisikia redioni bila kuelezwa.

Wengi wetu hufikiri gesi imekaa chini ya ardhi kama hewa ndani ya puto, ukitoboa inatoka. Iko gesi inayotoka kwa wepesi namna hiyo, kwa mfano ile ya Songo Songo kule Tanzania, ambayo imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Gesi ya Pennsylvania ni tofauti. Hiyo imenaswa ndani ya mwamba wenyewe, mwamba mweusi uliotokana na tope la bahari ya kale lililoshindiliwa kwa mamilioni ya miaka. Unaitwa Marcellus. Vitundu vya mwamba huo ni vidogo mno hivi kwamba gesi haiwezi kupita. Ukitoboa shimo la kawaida utapata gesi kidogo tu, kisha basi.

Kwa hiyo wanaupasua mwamba. Wenyewe huiita kazi hiyo frakingi. Shimo linatobolewa kwenda chini, mara nyingi zaidi ya kilomita moja na nusu. Halafu linapindwa polepole, mfano wa kiwiko cha mkono, mpaka lilale ndani ya mwamba, nalo linaendelea kwa ulalo kilomita moja, mbili, au zaidi. Bomba la chuma linaingizwa, na nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa shimo inajazwa saruji. Ikumbuke saruji hiyo, msikilizaji, tutairudia. Kisha bomba linatobolewa matundu kule chini, na maji yanasukumwa kwa nguvu nyingi hadi mwamba unapata nyufa nyembamba. Maji hayo yamechanganywa na mchanga pamoja na kemikali. Mchanga unabaki katika nyufa kama kabari ili zisijifunge, na gesi inapata njia ya kutoka.

Maji kiasi gani? Kisima kimoja kinaweza kutumia lita milioni 15 hadi 20, na vya siku hizi hutumia hata zaidi. Yafikirie yale malori ya maji ya lita 10,000 tunayoyaona mitaani wakati mifereji imekauka. Hizo ni safari 1,500 hadi 2,000 kwa kisima kimoja tu. Nazo kemikali, wenye kampuni hupenda kusema ni asilimia ndogo sana, mbili au chini ya hapo. Ni kweli. Ila asilimia moja ya lita milioni 20 ni lita 200,000.

Niseme na hili, kwa sababu huwa linachanganya watu. Visima vya Olkaria kule Naivasha si vya gesi. Vile vinatoa mvuke wa moto wa ardhini kwa ajili ya umeme. Nayo mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012 ni habari nyingine. Hapa Kenya hatupasui miamba kutafuta gesi.

Sasa kwa nini Wamarekani waliipenda kazi hii? Haikuanza juzi. Jaribio la kwanza lilifanywa mwaka 1947 katika jimbo la Kansas. Lakini aliyeifanya ilipe katika mwamba wa aina hii ni George Mitchell wa Texas, mwana wa mhamiaji kutoka Ugiriki ambaye kwao alikuwa mchunga mbuzi. Alianza kuujaribu mwamba uitwao Barnett mwaka 1981, na watu wake hawakufaulu hasa mpaka 1998, walipoacha ute mzito wakatumia maji mepesi. Katika Pennsylvania kazi ilianza karibu mwaka 2004. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mnamo Julai 2008 bei ya jumla ya gesi kule ilipita dola 13 kwa kipimo chao. Kufikia Aprili 2012 ilikuwa imeanguka chini ya dola 2. Nyumba zikapata joto la bei nafuu wakati wa baridi, na baridi ya kule si ya kuvaa sweta tu.

Kwa afya, faida kubwa ilitokana na kile kilichoachwa. Mwaka 2005 karibu nusu ya umeme wa Marekani ulitengenezwa kwa makaa ya mawe. Kufikia mwaka 2023 makaa yalikuwa yamebaki asilimia 16 hivi, na gesi imepanda hadi asilimia 43 hivi. Moshi wa makaa ya mawe una vumbi jembamba sana linaloingia mapafuni na kupenya hadi kwenye damu. Watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Science mnamo Novemba 2023 walikadiria ya kwamba kati ya 1999 na 2007, wazee zaidi ya 43,000 walikufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa mitambo hiyo. Mwaka 2020 idadi ilikuwa kama 1,600. Si gesi peke yake iliyoleta nafuu hiyo, kwani serikali pia ililazimisha mitambo iwekewe vichujio. Lakini anayesema gesi haikuokoa mtu hasemi kweli.

Nasi huku tumeonja. Gesi ya mtungi tunayopikia, ile ya kilo 6 au 13, si sawasawa na gesi inayopita katika mabomba ya Marekani. Ya mabomba ni metheni. Ya mtungi ni propeni na buteni. Lakini mara nyingi hutoka pamoja katika visima hivyo hivyo, kisha zikatenganishwa. Tangu kupasua miamba kushamiri, Marekani imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa gesi ya aina hii ya mtungi. Kenya haisafishi mafuta tena tangu kiwanda cha Changamwe kiliposimama mwaka 2013, kwa hivyo gesi yetu yote ya kupikia yaingia kutoka nje. Inapokuwa tele duniani, nasi tunapata afueni ya bei.

Tena afueni hiyo si ya mfuko tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba moshi wa jikoni, yaani wa kuni, makaa, samadi na mafuta taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mama anayeinamia mafiga huku mtoto yuko mgongoni, wote wawili wanavuta moshi ule. Ukipata gesi, mtoto huyo ameondolewa katika moshi huo. Kwa hiyo naomba asiwepo mtu atakayezima jiko lake la gesi leo kwa sababu ya mazungumzo haya na kurudi kwenye kuni. Hilo silo ninalosema.

Ninalosema ni kwamba faida hizi, kama ulivyosikia, zinawafikia walio mbali. Mpikaji wa Nakuru, mzee wa mjini aliyekuwa akikohoa moshi wa makaa, mwenye kiwanda. Je, yule anayelala mita mia mbili kutoka kwa kisima?

Tuanze na maji. Katika kaskazini-mashariki ya Pennsylvania kuna kijiji kinachoitwa Dimock. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2009, kisima cha maji cha mama mmoja wa hapo kililipuka na mfuniko wake mzito wa zege ukarushwa. Gesi ya metheni ilikuwa imejikusanya ndani. Wakaguzi wa jimbo walipochunguza walisema gesi ilitoroka kutoka visima vya kampuni ya Cabot na kuingia katika maji ya nyumba 18. Kampuni ikakatazwa kuchimba visima vipya katika eneo lile. Kesi ilivutana miaka mingi. Mnamo Novemba 2022 kampuni hiyo, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imebadili jina kuwa Coterra, haikupinga shtaka mahakamani, ikakubali kulipa dola milioni 16.29 ili wanakijiji waletewe maji ya bomba. Hesabu mwenyewe, msikilizaji: karibu miaka 14 tangu mlipuko.

Gesi ilitorokea wapi? Hapa ndipo ile saruji inaporudi. Watu hudhani nyufa za kule chini hupanda hadi kwenye maji. Hilo ni gumu, maana kati yake kuna zaidi ya kilomita moja ya mawe. Mara nyingi kosa liko karibu na juu, katika bomba lenyewe. Saruji ikiwa na ufa au ikikosa kushika vizuri, gesi hupanda pembeni mwa bomba kama maji yapandavyo katika utambi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa visima 68 vya maji katika sehemu hizo. Vile vilivyokuwa ndani ya kilomita moja kutoka penye uchimbaji vilikuwa na metheni mara 17, kwa wastani, kuliko vile vya mbali. Kemikali za kupasulia mwamba hawakuziona katika maji hayo. Nayasema yote mawili kwa sababu kila upande hupenda kunukuu nusu yake.

Huenda umewahi kuona picha ya mtu anayewasha kiberiti penye mfereji na maji yakashika moto. Picha hiyo ilisambaa kutoka filamu ya Gasland ya mwaka 2010. Ilipigwa Colorado, na wakaguzi wa jimbo hilo walisema gesi ya kisima kile ilitokana na makaa ya mawe ya ardhini, si na uchimbaji. Kuna mahali ambapo metheni imo katika maji tangu zamani za mababu. Ndiyo sababu ni muhimu sana kupima maji kabla mtambo haujafika. Ukipima baadaye tu, wataalamu wa kampuni watakuambia yalikuwa hivyo hivyo.

Metheni yenyewe ukiinywa haikudhuru. Hatari yake ni pale inapotoka katika maji ndani ya bafu lililofungwa, ikajaa, na mtu akawasha moto. Kuna maji mengine ya kuogopa zaidi, nayo ni yale yanayorudi juu baada ya mwamba kupasuliwa. Huwa na chumvi kali kupita ya bahari, na huko Marcellus hubeba madini yenye mnururisho kama radiamu. Mwezi Desemba 2016 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilimaliza ripoti yake ndefu, ikasema kazi hii inaweza kuharibu maji ya kunywa katika mazingira fulani: kemikali zikimwagika, bomba likiwa bovu, maji machafu yakimwagwa mashimoni bila kizuizi, au maji mengi yakitekwa wakati wa ukame. Haikusema kila kisima huharibu. Na si ajabu serikali ilichelewa kujua, kwa kuwa sheria ya mwaka 2005 ilikuwa imeiondoa kazi hii katika sheria kuu ya kulinda maji ya kunywa, isipokuwa pale dizeli inapotumika.

Basi maji yaweza kupimwa na yakikataa unaweza kununua mengine. Hewa je? Mama, hapa nisikilize kwa makini, maana binti yako ni mjamzito.

Penye kisima kipya kuna injini za dizeli usiku na mchana kwa majuma kadhaa, malori kwa mamia, mwali wa kuchomea gesi ya ziada, na mivuke inayotoka katika matangi. Ndani ya mivuke hiyo kuna benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Watafiti watatu walichunguza watoto zaidi ya milioni 1.1 waliozaliwa Pennsylvania kati ya 2004 na 2013, wakachapisha kazi yao mwaka 2017. Waliona ya kwamba akina mama waliokaa ndani ya kilomita moja kutoka kisima kilichopasuliwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kuzaa mtoto mwenye uzito chini ya kilo mbili na nusu. Kati ya kilomita moja na tatu madhara yalikuwa yamepungua. Kupita kilomita tatu hawakuona kitu.

Asilimia 25 inatisha ukiisikia redioni, kwa hiyo tuieleze. Tuseme mahali fulani kila akina mama 100 watoto 8 huzaliwa wepesi. Kuongeza robo ni kufanya 8 wawe 10. Wengi watazaa salama. Lakini wale wawili wa ziada wana mama zao, na mtoto aliyezaliwa mwepesi anaweza kusumbuka kupumua, kunyonya, na baadaye hata darasani. Watafiti hawakuweza kusema kama ni hewa, maji au kelele iliyoleta hayo. Wangeweza tu kuonyesha umbali.

Wenye pumu nao wana lao. Katika utafiti wa mwaka 2016 uliotumia rekodi za wagonjwa wa pumu zaidi ya 35,000 wa Pennsylvania, waliokaa karibu na visima vingi au vikubwa walikuwa na uwezekano wa kushikwa vibaya mara 1.5 hadi 4 kuliko wa mbali. Juu ya saratani ya watoto, tafiti hazijakubaliana. Moja ya mwaka 2022 ilikuta saratani ya damu kwa watoto waliozaliwa ndani ya kilomita mbili kutoka kisima ilikuwa mara mbili hadi tatu. Nyingine, iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa fedha za jimbo na kutolewa Agosti 2023, haikuuona uhusiano huo, ila ikakuta ongezeko la saratani ya tezi ziitwazo limfu, na pumu pia. Magonjwa hayo ni ya nadra, na ndiyo maana ni vigumu kuyahesabu. Mimi siwezi kukwambia visima vinawapa watoto saratani. Wala siwezi kukwambia havifanyi hivyo.

Wafanyakazi wanasahauliwa katika ubishi huu. Mchanga ule wa kuwekwa kama kabari ni wa silika, na unapomwagwa kutoka lori huinua wingu jeupe. Taasisi ya afya kazini ya Marekani ilipima hewa ya wafanyakazi katika vituo 11, sampuli 116. Karibu nusu, asilimia 47, zilipita kiwango cha sheria, na nyingine zilipita mara kumi au zaidi. Vumbi hilo huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya. Kijana anayepasua kokoto kwenye machimbo yetu ya mawe bila kitambaa puani, ajue vumbi lake linaweza kuwa ndilo hilo hilo.

Kuna matetemeko pia. Oklahoma, jimbo lililozoea tetemeko moja au mawili ya kusikika kwa mwaka, lilipata karibu 900 katika mwaka 2015, hasa kwa sababu ya maji machafu yaliyosukumwa ardhini. Na kuna metheni inayovuja hewani na kuongeza joto la dunia kwa nguvu inayoipita ya kaboni dayoksaidi zaidi ya mara 80 katika miaka 20 ya kwanza. Tukipata nafasi tutalizungumza hilo siku nyingine.

Kwa sababu ya haya nchi zimeamua tofauti. Ufaransa ilikataza mwaka 2011. Uingereza ilisimamisha mwaka 2019 baada ya tetemeko huko Lancashire, na ingawa waziri mkuu mmoja alifungua mlango Septemba 2022, aliyemfuata aliufunga mwezi uliofuata. Jimbo la New York, lililo jirani na Pennsylvania na lenye mwamba huo huo wa Marcellus chini yake, lilikataa Desemba 2014, na daktari mkuu wa jimbo alisema hadharani ya kwamba yeye asingekubali familia yake ikae karibu na visima hivyo. Pennsylvania iliendelea. Hata Mitchell mwenyewe, mwaka 2012, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliandika kwamba kazi hii inahitaji sheria kali.

Na yule jirani aliyesomesha watoto? Hasemi uongo. Huko mtu anaweza kumiliki hata kilicho chini ya shamba lake, tofauti na kwetu ambako Katiba ya 2010 inayaweka madini na mafuta katika ardhi ya umma. Sheria ya Pennsylvania inampa mwenye haki ya gesi mrabaha usiopungua asilimia 12.5. Wakulima waliokaribia kuuza ng'ombe zao wa maziwa waliokolewa na fedha hizo. Ila mama, binti yako ni mpangaji. Mrabaha utaenda kwa mwenye nyumba, na hewa atavuta yeye.

Sasa tukujibu. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2012 inataka kisima kiwe angalau futi 500, yaani kama mita 150, kutoka nyumba ya watu. Colorado iliongeza umbali wake hadi futi 2,000 tangu 2021, ingawa kuna ruhusa maalum. Jopo la uchunguzi la Pennsylvania lilipendekeza mwaka 2020 kuwe na futi 2,500. Ukilinganisha na zile kilomita tatu za utafiti, utaona ya kwamba nyumba inaweza kuwa halali kabisa kisheria na bado ikawa karibu mno kwa mwenye mimba.

Kama angekuwa mwanangu, ningemwambia atafute nyumba nyingine, hata kama ni ndogo na ina kodi zaidi. Idara ya mazingira ya jimbo hilo ina ramani ya visima ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia. Apime umbali kabla ya kutia sahihi, tena aulize kama kuna visima vipya vilivyopewa kibali hapo karibu, kwa kuwa pilikapilika za kuchimba na kupasua ndizo kubwa kuliko za kisima kilichokwisha kutulia.

Kama tayari wametia sahihi na hawana njia, basi yako ya kufanya. Apeleke maji kwenye maabara yaliyoidhinishwa, yapimwe metheni, chumvi, bariamu na benzini, na karatasi ya majibu aiweke salama. Pennsylvania haina sheria ya jimbo zima inayosimamia visima vya maji vya nyumbani, hivyo hakuna atakayekuja kumpimia. Tena sheria ya kule inasema maji yakiharibika katika futi 2,500 kutoka kisima cha gesi, ndani ya miezi 12 baada ya kazi, kampuni ndiyo inayohesabiwa kuwa na hatia mpaka ithibitishe vinginevyo. Maji yakianza kutoa mapovu, kutema hewa mferejini au kubadilika rangi, asiwashe moto hapo, afungue madirisha na kupiga simu idara ya mazingira. Asidhani kuchemsha kutasaidia, kwani kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi na madini hubaki. Mfuniko wa kisima uwe na tundu la kutolea hewa. Siku za malori na moshi afunge madirisha ya upande ule, na kama anaweza akakae kwa rafiki mpaka kazi iishe. Na kliniki asikose hata mara moja, amwambie mkunga waziwazi anaishi wapi, ili ukuaji wa mtoto tumboni ufuatiliwe.

Yeye ni muuguzi, mengi ya haya atayaelewa kuliko mimi. Huenda anachongoja ni kusikia kwa mama yake kwamba si vibaya kuikataa nyumba nzuri.

 Msikilizaji, juma lijalo saa kama hii tutazungumza juu ya vidonda vya miguu kwa wenye kisukari. Kama una mzazi nyumbani mwenye ugonjwa huo, mwite asikilize pamoja nawe.